Mashua ya mbao sio kabati: mambo tunayodanganyana kuhusu kufufua chombo cha zamani

Mtu akishanunua mashua kuukuu ya matanga swali lake la kwanza huwa ni rangi gani apake. Hebu rangi isubiri kwanza.

Wengi wanaamini maji ya bahari ndo yanaozesha mbao. Hapana bana. Kinachoozesha ni kuvu, na kuvu inataka unyevu na hewa vyote kwa pamoja, mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hivi kuvu haifanyi kitu, ikizama kabisa hewa inakosekana, na chumvi nayo kuvu haiipendi. Adui mwenyewe ni mvua. Maji ya mvua yanapenya kwenye nyufa za sitaha yanatuama kwenye kona zisizopitisha upepo, ndo maana unaweza kukuta mbao za chini jirani na mkuku (ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo kizima) bado ngumu kabisa ila hizi za juu ukichoma bisibisi inazama kama kwenye keki. Meli ya Vasa ya Uswidi ilizama 1628 wakaja kuiopoa 1961, miaka 333 majini, na mwili wake sehemu kubwa ulikuwa bado upo. Iliponea hapo kwa sababu bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno kwa teredo, yule mtoboa mbao (tunamwita mdudu lakini ni jamaa wa chaza na kombe). Ngoma ilianza ilipotoka majini, wakainyunyizia dawa ya polietilini glaikoli miaka 17 mbao zisije zikasinyaa na kupasuka.

Hapo tunaingia kwenye lile la "iache juani ikauke vizuri ndo uanze kazi". Hili limeua vyombo vingi. Mbao zikikauka sana zinanywea, mianya inafunguka mpaka unaona mwanga ndani, na wewe kwa woga unashindilia kalafati (nyuzi za kuzibia mianya) kwa nguvu zote. Siku ya kuishusha majini mbao zinavimba, hazina pa kwenda, zinasukumana mpaka misumari inang'oka au mataruma (mbavu za chombo) yanavunjika. Yalinikuta, na niliyekuwa nashika nyundo ni mimi mwenyewe kwahiyo sina wa kumlaumu. Iweke kivulini, funika juu mvua isiingie lakini pembeni acha upepo upite.

Na ikishushwa ikavuja usipige kelele, mbao zinahitaji siku kadhaa kunywa maji zibanane, we andaa pampu tu. Cha kuangalia ni maji yanapungua au yanaongezeka siku hadi siku, yakiongezeka ipandishe nchi kavu.

Kuna wanaosema ivishe faibaglasi mchezo uishe. Kwa mashua ya mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma mi sikushauri kabisa, mbao inavimba na kunywea, faibaglasi haifuati, mwisho inabanduka, halafu maji yanayoingia kwa juu yanabaki katikati hapo yakiozesha taratibu bila wewe kuona. Chombo cha plaiwudi iliyogundishwa ni habari nyingine.

Misumari ya stenlesi nayo inasifiwa kupita kiasi. Stenlesi inategemea hewa kulinda ngozi yake, ukiizika ndani ya mbao mbichi iliyolowa maji ya chumvi inaliwa vishimo vishimo huku kichwa cha juu kinang'aa. Shaba ni bora zaidi, ila usichanganye, chuma kikikaa karibu na shaba ndani ya maji ya chumvi chuma kitaliwa haraka sana.

Halafu hili la kufumua kila kitu uanze upya, jamani, ukitoa mbao zote kwa pamoja umbo linapotea na hulirudishi tena. Egemeza mkuku vizuri kwanza, badilisha taruma moja ruka jingine. Mbao za kupinda kwa mvuke tunahesabu saa moja kwa kila inchi ya unene, na mti mbichi unapinda vizuri kuliko uliokaushwa kiwandani, ukiitoa kwenye mvuke kimbia, una dakika chache tu kabla haijakaza.

Haya, rangi sasa. Chagua nyepesi, nyeusi inavuta joto na mbao za juu ya maji zinakauka mianya inafunguka tena.