Gari la spoti nalo linatakiwa namba ya mbele

Wenye magari ya spoti hapa Dar huambiana kwamba bampa la kuchonga likikosa nafasi ya kibao, namba ya nyuma inatosha. Si kweli. Tanzania gari hufungwa namba mbele na nyuma, liwe Vitz au Supra iliyoshushwa chini. Nadhani dhana hii imeletwa na video za Marekani: Florida na Arizona hudai ya nyuma tu, ila California na Texas hutaka zote mbili. Kuilaza namba ya mbele kwenye dashibodi nako si kuifunga. Jua la saa saba likipiga kioo, herufi hazisomeki. Jamani, msitoboe bampa zuri: kuna bano linaloingia kwenye tundu la ndoano ya kuvutia gari, na kibao kinaonekana vizuri.