Kupitia si kupitisha

Wiki hii, katika ofisi moja ya waandishi wa programu za kompyuta hapa Westlands, Nairobi, nimemsikia tena mmoja wao akisema kuhusu kazi ya mwenzake: "Hayo mabadiliko nimeshayapitia, ni usafi tu wa mistari sita." Aliyafungua, akaona ni machache, akayaruhusu. Hakuyapitia. Aliyapitisha.

Kupitia msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, ni kuusoma mstari kwa mstari kabla haujaingizwa kwenye programu, mpaka ujue kila mstari unafanya nini na ulikuwa ukifanya nini kabla ya kuguswa. Basi.

Mzizi ni mmoja, pita. Ukiutia -i- ya kutendea unapata pitia: wewe ndiye unayetembea, kutoka mwanzo wa kitu hadi mwisho wake. Pitisha ni kutendesha: wewe umesimama, kitu ndicho kinachopita, nawe umekifungulia njia. Kamati ya Bunge huupitia mswada kifungu kwa kifungu, kisha Bunge likaupitisha au likaukataa. Tukisikiliza taarifa ya habari hatuchanganyi hayo mawili. Tukikaa mbele ya kompyuta tunayachanganya. Na kuna ndugu yao wa tatu, pitiwa. "Nimepitiwa" husema aliyesahau jambo, au aliyechukuliwa na usingizi.

Mistari sita yenyewe ilikuwa ya C, lugha ya kuandikia programu, katika programu inayoandika data kwenye diski. Ili kujua data iandikwe wapi, namba ya sekta, yaani kipande cha diski, ilizidishwa kwa 512, namba tupu, bila jina. Mwandishi akaiona uchafu, akaiondoa, akaweka mahali pake ukubwa wa bloku ya diski husika, yaani kipimo ambacho diski yenyewe imegawanywa. Kwa macho inapendeza. Lakini kerneli ya Linux, kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, huhesabu sekta kwa baiti 512 siku zote, hata diski iwe na bloku za baiti 4096. Kwenye diski yenye bloku za 512, majaribio yote yanafaulu. Kwenye ile ya 4096, kila hesabu inakuwa kubwa mara nane: data iliyokusudiwa sekta ya 1000 inatua kwenye sekta ya 8000, juu ya data nyingine iliyokuwa salama. Kompaila, programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hailalamiki, kwa sababu kisarufi hakuna kosa. Aliyesoma kweli angeuliza swali moja tu: hii 512 ni ya diski, au ni ya kerneli?

Kupitisha nako kuna siku zake, kazi ikiwa ya haraka na mwenzako unamwamini. Siku hiyo, ndugu yangu, andika tu "nimepitisha", ili anayekufuata ajue kwamba msimbo huo bado haujapata msomaji.