Miungu ya Wagiriki wa Kale na Siasa za Damu: Dhana Potofu na Ukweli

Muhula huu nimeulizwa swali moja mara nne, na wanafunzi wanne wasiojuana, kila mmoja akiwa ameliokota kwenye video fupi yenye sanamu nyeupe ya marumaru na muziki wa kutisha: je, si kweli kwamba dini ya Wagiriki wa kale ilikuwa dini ya damu ya Wazungu, yaani mali ya ukoo wao peke yao, hadi imani za kigeni zilipoingia zikaiharibu? Mara tatu nilijibu kwa upole. Mara ya nne niliona heri niandike, na msomaji anisamehe nikikawia kwenye dhana hii moja, kwa kuwa ndiyo mama wa nyingine ambazo nitazipitia kwa haraka.

Kwanza ifahamike kwamba dhana hii ina umri mdogo na wazazi wake wanajulikana. Alfred Rosenberg, mwananadharia wa chama cha Nazi, aliandika mwaka 1930 kwamba Zeus, Apollo na Athena walitokana na roho ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, ilhali Dionysus, mungu wa mvinyo, na ibada za kuzimu zilikuwa athari za watu wa Mashariki. Baada ya vita lugha hiyo ilinuka, ikabidi ioshwe. Mwaka 1968 wasomi wa mrengo wa kulia nchini Ufaransa waliunda kikundi ambacho herufi za mwanzo za jina lake, GRECE, husomeka kama jina la Ugiriki kwa Kifaransa. Mwaka 1981 mwanafikra wake mkuu, Alain de Benoist, alitoa kitabu cha kutetea upagani dhidi ya dini za Mungu mmoja. Katika mkondo huo husikii matusi ya rangi. Unachosikia ni hoja laini kwamba kila watu wana mila na miungu yao, na kwamba heshima ni kila mmoja kubaki kwake. Mwaka 2016 kikundi cha Kimarekani kilichojiita Identity Evropa kilianza kubandika vyuoni mabango yenye picha za sanamu za kale, na hapo ule ulaini ukaishia mlangoni.

Hoja hiyo laini ndiyo inayonikera kuliko matusi, kwa sababu ni kinyume kabisa cha namna Wagiriki wenyewe walivyoitazama miungu. Mgiriki aliyefika ugenini hakuuliza watu wa pale wana miungu gani. Aliuliza wanamwitaje Zeus. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, anasema bila kusita kwamba Amun wa Misri ndiye Zeus, Osiris ndiye Dionysus, na Isis ndiye Demeter. Kwake miungu ni ile ile dunia nzima, na yanayotofautiana ni majina na taratibu za ibada. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jambo hili kuwa geni: akimsikia Mkikuyu akimtaja Ngai, au Myao akimtaja Mulungu, yeye husema Mungu na mazungumzo yakaendelea, wala hadhani ametajiwa viumbe watatu wenye mipaka ya wilaya.

Nenda nyuma zaidi, kwa Homer, na utaikuta hali hiyo hiyo. Katika kitabu cha kwanza cha utenzi wake wa Iliad, Zeus ameondoka Olympus, mlima wa makao ya miungu, pamoja na miungu yote kwenda karamu kwa Waethiopia, ambao mshairi anawaita watu wasio na lawama, naye hatarajiwi kurudi ila siku ya 12. Katika utenzi wake mwingine, Odyssey, ni Poseidon, mungu wa bahari, aliyekwenda huko, akipokea kafara ya mafahali na kondoo dume. Waethiopia hao si raia wa nchi ya leo yenye jina hilo. Kwa Wagiriki walikuwa watu wa mwisho wa dunia, wenye nyuso zilizounguzwa na jua. Dini ya damu ya Wazungu ambayo mkuu wa miungu yake huenda kula kwa majirani hao ni dini ya ajabu sana.

Njia ilikuwa na msafara wa pande zote mbili. Farao Necho aliyatoa wakfu kwa Apollo wa Branchidae, patakatifu pa Wagiriki katika Asia Ndogo, mavazi aliyokuwa ameyavaa vitani. Hekalu la Apollo huko Delphi, penye uaguzi mashuhuri wa Wagiriki, lilipoungua, Farao Amasis alichangia shabu, aina ya chumvi ya madini, ya uzito wa talanta 1,000 ili lijengwe upya, na hakuna kuhani aliyemrudishia eti si wa ukoo. Mwaka 333 KK mkutano wa raia wa Athens uliwaruhusu wafanyabiashara wa Kition, mji wa Wafoinike katika kisiwa cha Kupro, kupata kiwanja cha kujengea hekalu la Aphrodite, kama Wamisri walivyokwisha kuruhusiwa kumjengea Isis. Azimio hilo lilichongwa kwenye jiwe lililopatikana katika bandari ya Piraeus, na aliyelipendekeza ni Lycurgus, mwanasiasa aliyesifika kwa kushika mambo ya ibada za mji wake.

Kuhusu asili, ushahidi umekuwa mkatili kwa Rosenberg. Mwaka 1952 Michael Ventris alifumbua maandishi ya Linear B, mwandiko wa kale zaidi wa Kigiriki tunaoujua, na tangu hapo tunasoma kwenye vibao vya udongo vya karne ya 14 na 13 KK majina ya Zeus, Hera na Poseidon. Dionysus naye yumo, kwenye vibao vya mji wa Pylos. Yule aliyeambiwa ni mvamizi alikuwa nyumbani tangu kumbukumbu za kwanza kabisa. Jina la Apollo, yule wa kaskazini mtupu, halijapatikana kwenye vibao hivyo kwa namna isiyo na ubishi. Tena simulizi ya mshairi wa kale Hesiod kuhusu Mbingu aliyehasiwa na mwanawe ina ndugu yake wa karibu katika hadithi ya mungu Kumarbi, iliyopatikana kwenye vibao vya Wahiti huko Hattusa, katika Uturuki ya leo. Ni kweli kwamba jina Zeus lina undugu na Jupiter wa Warumi na Dyaus wa Wahindi wa kale. Huo ni undugu wa maneno. Anayeruka kutoka kwenye maneno hadi kwenye damu amekwisha kuiacha lugha na anasema lake.

Hapa niwageukie wale wanafunzi wangu wanaodhani wamejibu hoja kwa kuipindua, wakisema kwamba Wagiriki hawakuwa na chochote na miungu yao yote iliibwa Misri. Humtaja Herodotus, na kweli aliandika kwamba majina ya karibu miungu yote yalitoka Misri. Lakini vibao na elimu ya lugha vinaonyesha kwamba kuhusu majina alikosea, ingawa kuhusu mawasiliano ya muda mrefu baina ya watu hao alikuwa sahihi. Neno "kuiba" linadai kwanza kwamba mungu ni mali ya watu fulani, na hilo ndilo hasa alilolidai mtu wa Identity Evropa.

Watetezi wa dini ya damu wakibanwa hukimbilia nukuu moja, nayo imo katika kitabu cha nane cha Herodotus: Waathens wanasema Ugiriki ni damu moja, lugha moja, mahekalu na kafara za pamoja, na desturi zinazofanana. Nukuu hiyo ni ya kweli. Ushauri wangu wa siku zote, ambao wanafunzi wamechoka kuusikia, ni kuuliza nani alimwambia nani, na siku gani. Waliosema ni Waathens, waliambiwa wajumbe wa Sparta, majira ya baridi ya mwaka 480 kuamkia 479 KK, wakati Sparta ilipohofu kwamba Athens ingefanya amani na Waajemi. Ni maneno ya kumtuliza mshirika mwenye wasiwasi. Miezi michache baadaye, kwenye vita vya Plataea, watu wa mji wa Thebes, Wagiriki wa damu hiyo hiyo na mahekalu hayo hayo, walipigana upande wa Waajemi, na jemadari wa Uajemi Mardonius alitoa kafara kwa taratibu za Kigiriki akiwa na mwaguzi Mgiriki kutoka Elis.

Sisemi kwamba hapakuwa na mipaka. Michezo ya Olympia ilikuwa ya Wagiriki peke yao, na Wagiriki walimiliki watumwa na kuwadharau wageni kwa maneno makali. Ila mipaka ya ibada haikufuata rangi. Mnamo mwaka 508 KK mfalme Cleomenes wa Sparta alipanda Acropolis, kilima cha mahekalu cha Athens, na kuhani wa kike wa Athena akamzuia kwa kuwa Wadori, kabila la Wagiriki walimohesabiwa Waspartan, hawakuruhusiwa kuingia. Mfalme akajitetea kwamba yeye ni Mwakaya, yaani wa kabila jingine la Wagiriki. Huyo ni Mgiriki akimfukuza Mgiriki. Kwa upande mwingine, ibada za siri za Eleusis, karibu na Athens, zilimpokea mwanamume, mwanamke na mtumwa, sharti likiwa kuelewa Kigiriki na kutokuwa na damu ya mtu mikononi. Damu iliyoulizwa Eleusis ni hiyo tu. Nao wenyeji wa rasi ya Peloponnese waliikubali bila aibu hadithi kwamba nchi yao ilipewa jina la Pelops, mhamiaji kutoka Asia Ndogo.

Yaliyobaki ni mafupi.

Husemwa kwamba penye miungu mingi hapakuwa na mateso ya kidini, kwa kuwa ukali uliletwa na Mungu mmoja. Waathens walimnywesha Socrates sumu mwaka 399 KK kwa mashtaka ya kutoitambua miungu ya mji na kuingiza mambo mapya ya kiroho, pamoja na kuwapotosha vijana. Mwaka 415 KK watu waliuawa na wengine wakakimbia kwa sababu ya sanamu za Hermes zilizovunjwa usiku na ibada za Eleusis zilizofanyiwa mzaha majumbani. Wagiriki waliwakaribisha miungu wapya kwa idhini ya mji; aliyejiamulia peke yake alikuwa hatarini.

Husemwa kwamba Sparta haikujua kitu ila vita, na maneno "njoo uzichukue", yanayosemekana kuwa mfalme wa Uajemi aliambiwa kule Thermopylae alipowadai Waspartan silaha zao, huandikwa kwenye bendera za wapenzi wa bunduki nchini Marekani. Yalionekana hata kwenye uvamizi wa Bunge huko Washington tarehe 6 Januari 2021. Herodotus, mwandishi wetu wa karibu zaidi na tukio hilo, hana maneno hayo. Tunayapata kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zama za Warumi, karibu miaka 600 baadaye. Waspartan halisi walichelewa vita vya Marathon dhidi ya Waajemi mwaka 490 KK kwa sababu walikuwa wanasubiri mwezi mpevu, na mwaka 480 KK walipeleka watu 300 tu Thermopylae kuwazuia Waajemi kwa kuwa walikuwa katika sikukuu ya Karneia ya Apollo. Hao ni watu wa ibada kwanza.

Sanamu nyeupe za kwenye video zilikuwa zimepakwa rangi. Jeneza la mawe liitwalo la Alexander, lililopatikana Sidon mwaka 1887, bado lina mabaki ya rangi zake. Na si haki kumhesabu kila anayemwabudu Zeus leo kuwa mfuasi wa siasa hizi: dini hiyo ilitambuliwa rasmi na serikali ya Ugiriki mwaka 2017, na wengi wanaomwabudu Zeus leo huukataa ubaguzi waziwazi.

La mwisho ni mwenge. Wapo wanaoamini kwamba kukimbiza moto kutoka Olympia hadi mji wa michezo ni ibada ya kale. Safari hiyo ilibuniwa na Carl Diem kwa ajili ya michezo ya Berlin ya mwaka 1936, chini ya Hitler. Mbio za mwenge kweli zilikuwapo Athens ya kale, ndani ya mji na viungani mwake, na zilihusu madhabahu na moto mpya. Ile ambayo mwanafalsafa Plato anaitaja mwanzoni mwa kitabu chake, Jamhuri, ilikuwa kitu kipya, kwani wapanda farasi ndio walioshindana wakipokezana mienge usiku kule Piraeus, na mungu waliyemkimbilia alikuwa Bendis, aliyekuja kutoka kwa Wathrakia, watu wa kaskazini mwa Ugiriki wasiokuwa Wagiriki.