Bibi wa upande wa mama katika ukoo wa wasaga nafaka wa Uingereza: dhana potofu na ukweli

Ukifuatilia familia ya wasaga nafaka wa vijijini Uingereza, wanaume hujitokeza haraka. Wamo kwenye mikataba ya kupanga kinu, kwenye bima za moto, kwenye matangazo ya magazeti ya wilaya. Wake zao ndio watu huwakatia tamaa mapema, mara nyingi kwa sababu ya mambo yasiyo kweli.

Linalosemwa zaidi ni kwamba jina la kwao mwanamke, kabla hajaolewa, halikuandikwa popote. Usajili wa serikali England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha kuzaliwa kilikuwa na nafasi ya jina hilo tangu mwanzo. Faharasa za zamani zililionyesha kuanzia 1911 tu, na wengi wakaishia hapo. Leo faharasa ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili inalionyesha tangu 1837, kwa hiyo unaweza kuwakusanya watoto wa mama mmoja bila kununua kila cheti. Kilichomnyima mama nafasi ni cheti cha ndoa. Kiliwataja baba wa pande zote mbili, na akina mama hawakuingizwa mpaka Mei 2021. Dhuluma hiyo ilidumu mno.

Kabla ya 1837 kazi ni ngumu, haikosi njia. Daftari la ubatizo la parokia kwa kawaida humwita mama "Mary" tu, basi. Hapo tafuta kumbukumbu ya ndoa. Tangu tarehe 25 Machi 1754 maharusi na mashahidi wawili walitakiwa kutia saini au alama, na shahidi mara nyingi ni kaka au dada wa bibi harusi. Tazama pia jina la kati la watoto: mvulana aliyepewa jina la ukoo usioujua huenda amebeba jina la kwao mama yake.

Kuna wanaoamini kwamba mke aliyeandikwa kwenye sensa ndiye mama wa watoto waliomo. Si lazima. Sensa ya 1841 haikutaja uhusiano kabisa. Ile ya 1851 ilitaja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, si wa mke na watoto. Wanawake wengi walifariki wakijifungua, na waume wakaoa tena upesi. Linganisha tarehe ya ndoa na umri wa mtoto mkubwa, kisha pitia daftari la maziko. Ukiruka hatua hii unaweza kupanda ukoo wa mtu mwingine kabisa.

Si kweli pia kwamba familia hizi zilikaa kwenye kinu kimoja vizazi vyote. Wengi walikuwa wapangaji au vibarua, wakahama mkataba ulipokwisha. Sensa ya 1851 hutaja parokia aliyozaliwa mtu. Anzia parokia ya mke, hata ikiwa mbali na kinu. Na kuanzia miaka ya 1880, vinu vya silinda za chuma zinazozunguka, vilivyokuwa bandarini, vikisaga ngano ya kutoka nje, viliviua vinu vingi vya vijijini na kuzisukuma familia mijini.

Vinasaba navyo husifiwa kupita kiasi. DNA ya mitokondria, yaani ile iliyo kwenye sehemu ndogo ndani ya seli, nje ya kiini, hurithiwa kwa mama, na ni mabinti tu wanaoipitisha, lakini haisemi jina la mtu. Tena hubadilika polepole, hata wawili wanaofanana wanaweza kuwa na bibi mmoja wa karne nyingi nyuma. Itumie kupima dhana uliyokwisha kuijenga kwa karatasi.

Kabla ya sheria ya 1882 ya mali za wanawake walioolewa, mke hakuandika wasia ila kwa nadra, ndiyo maana watu husema hakuna wasia wa kutafuta. Upo wa baba yake, ambamo hutajwa kama binti, mke wa fulani. Upo wa kaka asiyeoa. Na akiwa mjane huandika wake mwenyewe, kwa maana wajane waliendesha vinu, na sensa huwaandika kuwa wasaga nafaka kama wanaume.