HBCU ya kanisa ndo chuo gani hasa?

Kamala Harris alipochaguliwa makamu wa rais 2020 wengi huku kwetu ndo tukasikia neno HBCU (Historically Black Colleges and Universities, yaani vyuo vya kihistoria vya weusi Marekani), maana alisoma kimojawapo, Chuo Kikuu cha Howard, tukadhani ni chuo chochote chenye weusi wengi. Hapana. Kwa sheria ya Marekani ya 1965 ni chuo kilichoanzishwa kabla ya 1964 kikiwa na kazi kubwa moja, kusomesha Wamarekani weusi, kwahiyo ukimkuta mzungu anasoma humo leo usishangae.

Sasa vingi vilizaliwa kanisani, na hapo ndo watu huchanganya wakadhani ni seminari za mapadri. Chukua chuo cha Wilberforce, jimbo la Ohio. Wamethodisti walikianzisha 1856 kwenye hoteli ya zamani ya mapumziko, na wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa watoto ambao mabwana wa mashamba ya Kusini mwa Marekani walizaa na watumwa wao, yaani baba mtu anamiliki watumwa huku analipa ada ya mtoto wa mtumwa, we fikiria. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikaanza, hela za Kusini zikakata, 1862 chuo kikafungwa.

Mwaka uliofuata askofu Daniel Payne wa AME (African Methodist Episcopal), kanisa ambalo weusi waliliunda wenyewe tangu 1816, akakubali kukinunua kwa dola 10,000 na mfukoni hana kitu. Kuanzia hapo kikawa mali ya weusi na yeye akawa mkuu wake. Aprili 1865, usiku uleule Rais Lincoln alipopigwa risasi, jengo kuu likaungua, wakaanza tena.

Ukanisa wenyewe ulikuwa haswa, sio jina tu. W.E.B. Du Bois, msomi maarufu mweusi wa Marekani, alifundisha pale 1894 mpaka 1896, siku moja kwenye ibada wakatangaza kwamba profesa Du Bois ataongoza sala, akajibu haongozi, nusura kibarua kiote nyasi.

Ila kanisa hilohilo ndo lilifungulia Waafrika mlango. Charlotte Manye wa Afrika Kusini alienda Marekani na kwaya, ziara ikavunjika wakakwama huko, watu wa AME wakamwingiza Wilberforce na 1901 akatoka na digrii. Baadaye Kamuzu Banda, yule yule rais wa kwanza wa Malawi, naye akamaliza sekondari palepale 1928.