Nairobi hadi New York sio saa saba jamani, tusome tiketi vizuri

Swali la Nairobi hadi New York kwa ndege ni saa ngapi naulizwa kila mara na kwa kuwa kazi yangu huku kwenye mambo ya anga ni hizi hesabu, leo naliandika liishe.

Kenya Airways ilipoanza kwenda New York moja kwa moja, Oktoba 2018, ratiba ilisema ndege inatoka JKIA (kiwanja cha Nairobi) 23:25 inatua JFK (kiwanja cha New York) 06:25 kesho yake. Mtu anahesabu hapo anapata saa 7, anasema aah kumbe Marekani ni karibu hivi, hata basi la Mombasa linanichosha zaidi! Sasa saa za kwenye tiketi ni za palepale kiwanjani, ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kutua ni ya New York. Wao wako nyuma yetu saa 8 kuanzia Novemba hadi Machi, miezi mingine saa 7, maana wenzetu wanasogeza saa zao sisi hatusogezi. Kwa hiyo kwa ile miezi ya saa 8, 7 jumlisha 8, ni saa 15 umekaa kwenye kiti. Kurudi unatoa: kuondoka JFK 12:25 mpaka kutua Nairobi 10:55 ya kesho yake ni saa 22 na nusu, toa 8, inabaki 14 na nusu.

Mbona kurudi ni haraka kidogo? Upepo. Huko juu, kilomita 10 na zaidi, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, ukienda unakupiga usoni ukirudi unakusukuma mgongoni.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800. Ndege yenyewe, Boeing 787 Dreamliner, inakata kama kilomita 900 kwa saa, ukigawanya unapata saa 13 na kidogo, zinazobaki zinaliwa na kupanda, kushuka, kuzunguka kwenye lami na huo upepo. Alafu usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, dunia ni mviringo, mstari mfupi kabisa unapanda kaskazini magharibi, unakata Sahara, Algeria na Morocco ndo unaingia Atlantiki.

Sasa kinachoachisha watu ndege ni saa yetu ya Kiswahili. Hiyo 12:25 ya JFK ni saa sita na dakika 25 mchana, sio saa kumi na mbili asubuhi. Na mbaya zaidi ni 00:30. Kuna mama nilimkuta kaunta na mabegi matatu amefunga kamba vizuri kabisa, tiketi imeandikwa Jumanne 00:30, yeye amekuja Jumanne usiku. Ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia hiyo Jumanne, yaani alitakiwa awe pale Jumatatu saa tatu na nusu usiku hivi. Ukiona saa inaanza na 00 we hesabu usiku wa jana yake, na anayekuja kukupokea mtumie saa ya kutua kama ilivyo, usimgeuzie.