Uteuzi Usiofuata Sheria: Jinsi ya Kuupinga Kabla Muda Haujakupita

Bahasha aliyokuja nayo yule kijana ilikuwa ya kaki, imechakaa pembeni kwa kubebwa kwenye matatu. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti chenye tangazo la kazi ya afisa wa kilimo wa wadi katika kaunti yake, nakala ya fomu yake yenye muhuri wa kupokelewa, na picha ya barua ya ajira ya mtu mwingine. Picha hiyo aliipata kwenye kundi la WhatsApp la kijijini, ambako jamaa za mwajiriwa walikuwa wakimpongeza. Niliisoma mara mbili. Barua iliandikwa siku tisa kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Katika dawati letu la msaada wa kisheria ni nadra kuona kosa likijianika hivyo. Lakini miezi mitano ilikuwa imepita, na muda ndio unaowaangusha wengi wanaokuja kwetu.

Tuanze na sheria yenyewe. Ibara ya 232 ya Katiba ya Kenya inataka uteuzi na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa za mtu, huku jamii zote, wanawake kwa wanaume, na watu wenye ulemavu wakipewa nafasi sawa. Kwa upande wa kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inailazimu Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kutangaza nafasi kwa namna itakayowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa kawaida huachwa nyuma. Sheria hiyo pia inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi kaunti ile. Kwa hiyo barua ya ajira iliyoandikwa kabla dirisha la maombi halijafungwa inaonyesha kwamba hapakuwa na ushindani wowote.

Wengi hudhani mahakama itawapima wao na aliyeajiriwa, kisha iseme nani bora. Sivyo. Mahakama hukagua njia iliyofuatwa. Januari 2011, Katiba ikiwa bado changa, Rais Mwai Kibaki alitaja majina ya Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti. Wote wanne walikuwa wanaume, na Waziri Mkuu Raila Odinga akalalamika kwamba hakushirikishwa ipasavyo. Mashirika ya kiraia, likiwemo CREAW linalotetea haki za wanawake, yalikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 3 Februari Jaji Daniel Musinga akaamua kwamba uteuzi ule ulikiuka Katiba. Majina yaliondolewa mwezi huohuo. Nafasi ya Jaji Mkuu ikatangazwa, waombaji wakahojiwa huku wananchi wakitazama kwenye televisheni, na Juni Willy Mutunga akaapishwa. Mmoja wa wale wanne, Githu Muigai, alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu mwaka uleule baada ya kuidhinishwa na Bunge. Mtu alikuwa yuleyule, ila safari hii alipitia mlangoni.

Upande wa pili wa jambo hili uko katika kesi ya Mumo Matemu. Septemba 2012 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wake kuwa mwenyekiti wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Julai 2013 Mahakama ya Rufaa ikamrudisha, ikisema kazi ya majaji ni kupima mchakato na kuangalia kama uamuzi una mantiki, si kukalia kiti cha mwajiri. Huwa naitaja kesi hii kwa kila anayekuja na minong'ono peke yake. Njoo na karatasi, hata kama ni moja, mradi iwe na tarehe.

Karatasi zenyewe una haki ya kuziomba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuiandikia ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Omba orodha ya walioalikwa kwenye mahojiano, alama zao, na kumbukumbu za kikao kilichoamua. Wakikunyamazia, lalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi wanaijua kama ofisi ya Ombudsman.

Kuna hila moja inayonikera kuliko zote, ya kumfanya mtu kaimu na kumwacha hapo. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema ukaimu usizidi miezi sita. Hata hivyo kuna makaimu wanaokaa miaka, nafasi haitangazwi, na siku inapotangazwa wanaambiwa wana "uzoefu". Ukiona hivyo usingoje tangazo. Uliza kwa maandishi ukaimu ulianza lini.

Sasa, ni wapi pa kwenda? Kwa uamuzi wa bodi ya kaunti, usikimbilie mahakamani kwanza. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupeleka kwenye Tume ya Utumishi wa Umma, kwa rufaa ya maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa. Ukiruka hatua hiyo, kesi yako inaweza kutupwa kabla haijasikilizwa, hata kama una haki kama mchana. Nimeshaona mtu akilia koridoni kwa sababu hiyo.

Uteuzi unaokiuka Katiba unaweza kupingwa na yeyote kwa niaba ya umma, hata asiyeomba kazi ile. Ibara za 22 na 258 zinasema hivyo, na kanuni za 2013 za kutetea haki za msingi zinaruhusu mahakama kupokea hata barua. Omba pia amri ya muda ya kusimamisha uteuzi. Tume ya Utumishi wa Umma ilikuwa imetangaza nafasi 23 za Makatibu Wasimamizi, yaani wasaidizi wa mawaziri, lakini mwaka 2023 majina yaliyotoka yakawa 50. Chama cha Mawakili na shirika la Katiba Institute walikwenda Mahakama Kuu mara moja, wateule wakazuiwa mwezi uleule wa Machi wasianze kazi, na Julai mahakama ikaamua kwamba uteuzi wao ulikiuka Katiba. Wangengoja mwaka mzima, mishahara ingekuwa imeshalipwa.

Usitarajie kwamba ukishinda utakabidhiwa kazi ile. Mara nyingi nafasi hutangazwa upya, nawe unapanga foleni tena pamoja na wengine.

Kijana yule nilimweleza yote hayo. Siku 90 zilikuwa zimepita, lakini sheria inairuhusu Tume kupokea rufaa iliyochelewa pakiwa na sababu ya kutosha, na yeye barua ile aliiona wiki mbili tu kabla ya kuja kwetu. Tuliandika ombi siku hiyohiyo, kwenye meza ileile, na aya ya kwanza tukaijaza tarehe mbili: ya barua ya ajira, na ya mwisho wa kupokea maombi.